Leona Kubik Hoskovec, Mwalimu Aliyeirudisha Njia Mahali Pake

Wasifu uliosomwa na Darlene Kubik, binti wa kaka yake, katika Kanisa la Mtakatifu Wenseslaus, Orley, Nebraska, Jumatatu tarehe 7 Novemba 2022.

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne tarehe 14 Februari 1939, jikoni mwa nyumba ya akina Kubik, maili nne magharibi mwa Orley. Alizaliwa jikoni kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na moto. Theluji ilikuwa imefunga barabara kwa siku ya tatu, na daktari alipofika kesho yake alimkuta mtoto amekwisha kupewa jina, na mama yake, Růžena, amekwisha kurudi kwenye sinia la unga. Baba yake alikuwa Anton Kubik, mkulima wa ngano na mfugaji. Leona alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza alikuwa Ladislav, ambaye sote tunamwita Lad, aliyemtangulia kwa miaka minane. Inasemekana Lad alipoonyeshwa mdogo wake alimtazama kwa muda, kisha akauliza kama barabara ikifunguka atarudishwa alikotoka.

Alianza masomo mwaka 1945 katika Shule Namba 27, chumba kimoja, mwalimu mmoja, wanafunzi kumi na tisa. Kutoka nyumbani ilikuwa maili moja na robo. Mwaka huo Lad alikuwa darasa la mwisho, kwa hiyo walikwenda pamoja majira mamoja tu ya baridi. Lad alitangulia kwenye theluji akizifupisha hatua zake, na Leona akatia miguu katika nyayo za kaka yake. Mwaka uliofuata alikwenda peke yake. Alisimulia baadaye, bila kulalamika, kwamba hapo ndipo alipojua urefu wa maili moja na robo. Alijizoeza kuongea mwenyewe njiani, Kicheki wakati wa kwenda na Kiingereza wakati wa kurudi, na tabia hiyo haikumtoka hadi uzeeni.

Alimaliza sekondari hapa Orley mwaka 1956, akaenda chuo cha ualimu Kearney, akahitimu mwaka 1960. Septemba ya mwaka huohuo alianza kufundisha darasa la nne katika shule yetu, na hakuliacha darasa la nne hadi Mei 1999. Wengi walio kwenye mabenchi haya walipita mikononi mwake. Mnajua kwamba darasa la nne ndilo linalosoma historia ya jimbo, na mnakumbuka alivyoifundisha. Hakuanza na magavana. Alianza na miguu. Aliwatoa nje, akawaambia watembee kimya mpaka wachoke, halafu akawauliza wamefika wapi. Wakitaja ghala la nafaka, au daraja, aliwaambia kwamba watu waliokwenda Oregon kwa magari ya maksai wangekuwa bado hawajamaliza kunywa chai ya asubuhi. Kisha aliwaambia kwamba kabla ya hao, Wapawnee, wenyeji wa nchi hii, waliifahamu njia ileile kwa vizazi, wakati hakuna gari lolote.

Mwezi wa Aprili 1972 Anton na majirani walichoma malisho ya nyuma ya nyumba, kama inavyofanyika kila baada ya miaka michache ili majani mapya yapate nafasi. Leona alikuwepo na gunia lililolowa, akilinda moto usivuke. Moshi ulipoondoka, ardhi ilibaki nyeusi na tupu, jua likiwa limeinama, na Leona akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yake thelathini na mitatu: mitaro miwili ikienda sambamba, imetoka mtoni, inapanda kilima, upana wake upana wa gari la kale. Alimwita baba yake. Anton alivua kofia. Wote wawili walikuwa wamesikia tangu utotoni kwamba njia ya wahamiaji ilipita mahali fulani katika shamba hili, ila hapakuwa na aliyejua ni wapi.

Leona hakutaka kuamini macho peke yake. Aliandika barua Lincoln, makao makuu ya jimbo, akaomba nakala ya daftari la wapima ardhi wa serikali waliopita hapa mwaka 1858. Wapima hao walikokota mnyororo wa futi sitini na sita kwenye mstari wa mpaka wa magharibi wa shamba, na kila walichokivuka walikiandika: kijito, mti, jiwe, njia. Daftari lilisema kwamba kwenye mnyororo wa hamsini na mbili waliivuka njia kubwa ya magari iendayo magharibi. Leona na Anton walichukua kamba, wakahesabu minyororo hamsini na miwili kutoka pembe ya shamba, na kamba ikaishia kwenye mitaro ile, ikipungukiwa na hatua chache tu. Wakakumbatiana pale pale kwenye majivu.

Bango la chuma la kuitambulisha njia lilisimamishwa pale Jumamosi tarehe 18 Mei 1974. Mwaka 1976 jimbo liliyaandika malisho yale katika orodha ya maeneo ya kale yanayolindwa, yasilimwe wala kujengwa. Kuanzia hapo wageni wakaja. Walikuja kutoka Ohio, Missouri, hata ng'ambo, watu waliokuwa wanaifuata njia nzima kituo kwa kituo. Waliegesha kando ya banda, na Leona akawatolea kahawa, akawapeleka mwenyewe hadi kwenye mitaro, na wakirudi aliwaomba waandike majina yao katika kitabu alichokiweka kibarazani.

Alifunga ndoa na Duane Hoskovec tarehe 8 Juni 1963 mbele ya altare hii. Duane alikuwa mpimaji katika ghala la nafaka, mtu mpole, mpiga kodiani, asiyependa kutoka Orley. Lakini alimpenda aliyependa kutoka. Kila Agosti walifunga hema juu ya gari wakaenda kuyatazama maeneo ya kale ya jimbo hili: Rock Creek, Ash Hollow, Chimney Rock. Leona alishuka na daftari, Duane alishuka na kiti cha kukunja. Huko Ash Hollow, ambako magurudumu yameuchimba mlima, Duane alitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, hili shimo lina tofauti gani na la jana?" Leona akamweleza kwa robo saa nzima. Duane akasikiliza yote, akasema la jana lilikuwa na kivuli.

Hawakujaliwa watoto. Duane alianguka kazini tarehe 11 Oktoba 1991, na hakuamka. Agosti iliyofuata Leona alikwenda mwenyewe Chimney Rock. Alikata mikate ya watu wawili kwa mazoea, akala wa kwake, na ule mwingine akarudi nao nyumbani. Aliendelea kwenda kila mwaka. Katika picha zake za miaka ile hayumo hata moja, kwa sababu aliona haya kumwomba mtu asiyemjua ampige.

Wakati huo, kwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa pia hana kaka. Jambo hili kila mtu mjini alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake, na sasa inafaa lisemwe, kwa sababu wenyewe wawili walilisema.

Anton alifariki mwaka 1980. Shamba lake lilikuwa vipande viwili. Kipande cha kusini kina chemchemi isiyokauka hata Agosti. Cha kaskazini hakina maji. Lad ndiye aliyekuwa na ng'ombe, na tangu ujana wake alikuwa amefanya kazi na baba yake akijua kwamba siku moja atanywesha ng'ombe wake kwenye chemchemi ile. Wosia uliposomwa mwezi wa Juni, Anton alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba kipande cha kusini ni cha Leona, kwa kuwa njia ya kale imo humo, na ni haki apewe aliyeiona.

Lad aliinuka, akamshukuru wakili, akatoka. Hakugombana. Alichimba visima vitatu kaskazini, viwili vikatoka vikavu na cha tatu kikatoa maji ambayo ng'ombe waliyanusa wakageuka. Akawa anabeba maji kwa tangi kutoka mjini, kiangazi na masika, kwa miaka na miaka, akipita mbele ya dirisha la dada yake. Hakumwambia neno tena. Katika kanisa hili alikaa upande wa kushoto, Leona wa kulia. Kila Krismasi Leona aliacha kibarazani kwa kaka yake sahani ya kolachi, vile vimkate vya plamu na mbegu za mpopi walivyofundishwa na mama yao. Sahani ilirudi Januari, imeoshwa, imewekwa kibarazani kwake, bila kipande cha karatasi.

Alipostaafu, wageni wa njia ndio waliobaki kuwa watu wake. Ziko siku za Februari alizoweza kukaa wiki nzima bila kutamka neno kwa mtu mwenye masikio. Aliwasha redio ili nyumba iwe na sauti. Gari lilipopunguza mwendo kwenye kona, alikuwa ameshaweka birika motoni kabla halijasimama. Kitabu cha kibarazani kilifika cha kumi na moja. Alivisoma vyote tena na tena, akajua majina ya watu waliopita mara moja tu mwaka 1983 vizuri kuliko walivyojikumbuka wenyewe.

Ndipo ukaja mwezi wa Januari 2010. Leona alikuwa anaandaa kijitabu cha kuwapa wageni, na kwa uangalifu wake wa kawaida akalitoa tena daftari la wapima ardhi. Alilisoma taratibu, kama alivyosahihisha insha. Juu ya ukurasa, katika mwandiko mwembamba, palikuwa na maneno mawili aliyoyaruka mwaka 1972: kwenda kaskazini. Wapima walikuwa wameanza pembe ya kusini. Yeye na baba yake walikuwa wameanza pembe ya kaskazini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jiwe walilolijua. Mstari ni mmoja, minyororo ni ileile hamsini na miwili, lakini ukianza kusini unapita malisho ya Leona, unavuka ua, na unasimama zaidi ya yadi mia tano mbele ya mitaro ile, katikati ya malisho ya Lad.

Njia haikuwa kwake. Haikuwahi kuwa kwake. Bango lilikuwa mahali pasipo pake, watoto wa shule kwa miaka thelathini na sita walikuwa wamesimama mahali pasipo pake. Na chemchemi pia haikuwa haki yake. Baba yake alikuwa amempa yeye maji kwa sababu ya hesabu aliyoianzia pembe isiyo yake.

Hakumwambia mtu. Hili alilikiri mwenyewe na alitaka lisifichwe. Alinyamaza Januari yote, Februari yote, Machi na Aprili. Kama angesema, wageni wasingekuja tena kwake, na aliogopa nyumba ile bila wageni kuliko alivyoogopa kufa. Magari yalipoanza Aprili, aliweka birika motoni kama zamani.

Jumamosi tarehe 8 Mei alikuja mzee kutoka Ohio, peke yake, ameendesha siku mbili. Alikuwa na karatasi iliyonakiliwa kutoka shajara ya mama wa bibi yake, aliyepita bonde hili mwaka 1852 na kuzika mtoto karibu na mto. Mzee alipiga magoti kwenye mtaro, kwa shida, akachota udongo kiasi cha kijiko, akaufunga kwenye leso. Alikuwa analia. Leona alisimama nyuma yake na hakusema kitu. Alimwacha akaandika jina lake kitabuni, akampungia mkono mpaka gari likapotea. Kisha alivaa viatu vya shambani, akatembea kaskazini hadi kwenye karakana ya kaka yake.

Lad alikuwa ameinamia hori la chuma, anachomelea. Leona alingoja mpaka cheche zikakatika. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja itimie miaka thelathini tangu wosia usomwe.

"Lad," alisema, "njia iko kwako."

Lad aliinua ile barakoa ya kioo. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba iko kwangu. Ile ya kwako ni ya babu. Ndipo alipopitishia barafu, anaikata mtoni anaipeleka stesheni. Nilikuwa nakaa nyuma ya gari juu ya vumbi la mbao, matako yanaganda."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

Leona alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ndoo. Alimuuliza kama alikumbuka wosia ulisemaje kuhusu chemchemi. Lad alisema alikuwepo, masikio yake yalikuwa mazima.

"Sasa mbona hukusema?"

Lad alivua glavu moja, halafu ya pili. Alisema siku ya bango alikwenda kwa nia ya kusema. "Nikamkuta mzee wetu amevaa tai. Wewe ulishawahi kumwona mzee na tai nje ya kanisa? Na watoto wako wamejipanga, wanaimba. Nikala keki nikarudi nyumbani." Alisema alifikiri atasema mwaka ujao. Halafu mzee akafa, wosia ukasomwa, na akifungua mdomo sasa, Orley nzima itasema Lad Kubik anataka maji.

"Ningejua mimi kwamba hutaki maji."

"Nilitaka maji, Leona," Lad alisema. "Ndiyo maana."

Kisha Leona akamuuliza lile lililomuuma zaidi: hata salamu, je? Hata siku ya kumzika Duane?

"Nilikuwa na neno moja tu la kukwambia, na sikutaka kulisema," Lad alisema. "Hilo likiwa limekaa mdomoni, mengine yapite wapi?"

Leona alimwambia achukue kipande cha kusini, chote, na wiki hiyohiyo waende kwa wakili. Lad alicheka, kicheko cha mtu aliyekisahau. "Nina miaka sabini na minane, mdogo wangu. Ng'ombe niliuza mwaka juzi. Maji nifanyie nini, nioge?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, kama wote wawili walivyoisimulia.

Wiki iliyofuata Leona alimwandikia yule mzee wa Ohio barua ya kurasa nne. Mzee alijibu kwa postikadi, akamshukuru, akasema udongo wake atabaki nao. Kisha Leona akaandika kwa ofisi ya jimbo, na Septemba akasimama mbele ya kamati ya historia ya kaunti. Watu walikasirika. Kalenda zilikuwa zimechapwa, mitaro yake ilikuwa kwenye nembo ya zimamoto. Mwenyekiti, Norbert Zeman, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimsihi kwa upole mambo yaishie chumbani mle. Mitaro ile ina umri wa kutosha, alisema, na wageni wanarudi kwao wameridhika.

"Nani atajua, Mwalimu?"

"Norbert, darasa la nne ulinakili hesabu za Judy. Nani alijua?"

Norbert aliangalia meza. "Wewe, Mwalimu."

"Haya."

Eneo la kusini lilitolewa katika orodha ya jimbo. Bango lilihamishwa Jumamosi tarehe 20 Agosti 2011 hadi malisho ya Lad, kwa masharti mawili ya Lad: asipigwe picha, na asitakiwe kuhutubia. Kabla ya hapo, siku ya kwanza ya jalidi Oktoba 2010, Lad alikuwa amempeleka Leona kuiona njia yenyewe. Haina mitaro ya kutisha. Ni bonde la kina kidogo kwenye nyasi, kama mkunjo uliobaki kwenye shuka, unaoonekana tu jalidi ikilala ndani yake au jua likiwa chini. Babu yao alimwonyesha Lad akiwa na miaka sita. Leona alikuwa amewasimulia njia hiyo maelfu ya watu. Siku ile Lad ndiye aliyeonyesha kwa kidole, na Leona ndiye aliyetazama.

Mengine yaliyofuata hayakuwa mepesi, na haifai kusema yalikuwa mepesi. Maegesho yakahamia barabara ya kaskazini. Leona alikaa dirishani akasikia magari yanapita kwenye kona bila kupunguza mwendo. Malisho yake yakarudi kuwa malisho, majani yakafunga mitaro ya barafu. Mara chache, mtu mwenye ramani ya zamani alikosea akaegesha kando ya banda, na Leona akatoka mbio akifuta mikono. "Mmepotea," aliwaambia, "na aliyewapoteza ni mimi." Kisha aliwapa kahawa, akiwachelewesha kadiri adabu ilivyoruhusu, na kuwaelekeza kwa Lad. Lad naye aliwapokea kwa namna yake: "Hakuna cha kuona, lakini tazameni." Miaka ile kitabu cha kibarazani hakikufika nusu.

Walichobaki nacho wale wawili kilikuwa simu ya saa moja asubuhi. Ikinyesha, Lad alipiga.

"Umepata kiasi gani?"

"Inchi na robo."

"Mimi robo tatu." Na akakata.

Kutoka kipimo cha mvua cha mmoja hadi cha mwingine ni nusu maili. Baada ya muda walianza kupigiana hata siku zisizo na mvua, Lad akitaka kujua kama kwa Leona pia hakukunyesha. Jumapili baada ya misa alikuja kula. Walizungumza polepole, kama watu wanaojifunza lugha ukubwani, na palikuwa na miaka thelathini ambayo hakuna kati yao aliyejua jinsi ya kumsimulia mwenzake. Leona alikubali kwamba miaka hiyo hairudi. Alisema tu kwamba maili ni ndefu ukiwa peke yako, na kwamba hilo alilijua tangu darasa la pili.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2019. Miguu ilivimba, ngazi za kibarazani zikamshinda. Machi 2021 alihamia nyumba ya wazee ya hapa Orley, chumba kinachotazama maegesho ya magari, jambo lililomchekesha. Wauguzi wanasema aliwasalimia wageni wa watu wengine, akiwauliza wametoka wapi na wanakwenda wapi. Kwa kipande cha kusini aliandika wosia unaomwachia Lad. Alijua fika kwamba Lad ataguna, na Lad ameguna.

Alhamisi iliyopita, tarehe 3 Novemba, ilinyesha alfajiri. Saa moja simu ya chumbani ililia, na muuguzi akamshikia.

"Umepata kiasi gani?" Lad aliuliza.

Leona aligeuza uso dirishani, akayatazama magari yaliyolowa. "Nusu inchi."

"Mwongo wewe. Huna hata kipimo."

Muuguzi anasema alicheka mpaka akakohoa. Aliomba mto uinuliwe, akasema atapumzika kidogo. Saa tano na nusu asubuhi alikuwa ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Ametanguliwa na wazazi wake, Anton na Růžena, na mume wake, Duane, ambaye leo Leona analazwa ubavuni pake. Ameacha binti wa kaka yake, Darlene, na watoto wawili wa Darlene, Travis na Annika. Ameacha wanafunzi wa miaka thelathini na tisa. Na ameacha kaka mmoja, Ladislav Kubik, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, aliyekaa leo kwenye benchi la kulia. Alipoulizwa angependa nini kiandikwe hapa kwa niaba yake, alisema hana maneno mengi, iandikwe tu kwamba hadi siku ya mwisho yeye na dada yake walikuwa wanasemezana.

Mungu ampokee Leona, ampe usingizi mwema, na huko aendako asikae tena peke yake.